Saini Niliyotia Nikiwa na Miaka 18

Maneno haya niliyasema Mombasa tarehe 16 Novemba, Siku ya Kimataifa ya Kuvumiliana, mbele ya vijana na wazee walionialika. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu vijana, asalaam aleikum, na nyote kwa jumla hamjambo.

Nimetambulishwa kwenu kuwa kijana wa Pakistan anayesema Kiswahili. Kiswahili changu si cha kusomea. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa hapa Mombasa katika jamii ya Wabulushi, wale ambao mababu zao waliletwa na masultani wa Oman kuwa askari wa ngome. Aliolewa Karachi, mtaa wa Lyari, na mjukuu hakula kwake bila kuomba chakula kwa Kiswahili. Ukitaka mkate, utasema mkate. Mimi nimehamia hapa nikiwa mtu mzima, niko dukani kwa mjomba, lakini maneno nilikuja nayo.

Lyari ni mtaa wa watu wa bandari, wa mpira wa miguu na ndondi. Hussain Shah, aliyeleta medali ya shaba ya ndondi kutoka Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, ni mtoto wa mtaa huo. Majirani zetu wengi walikuwa Washeedi, Wapakistani wenye asili ya Afrika, wengine asili yao ni pwani hii hii tuliyokaa leo. Wana ngoma yao, mugarman, na wana sherehe yao Manghopir, kwenye kaburi la pir, yaani walii, ambaye bwawa lake lina mamba, na mamba mkubwa hulishwa nyama kwa heshima kabla ya ngoma kushika moto. Harusini Lyari hupigwa lewa, ngoma ambayo Waomani na watu wa Ghuba wanaijua pia. Bibi alikuwa akiisikia anainua kichwa, anashika neno moja katika wimbo, anasema, "Hilo letu." Waimbaji wenyewe hawakujua maana yake. Walilipokea kwa wazee wao na wakalitunza hivyo hivyo. Mimi nikadhani nchi yote iko hivyo: kila mtu anatunza neno la mwenziwe hata asipolielewa.

Mmeniomba niseme juu ya maisha ya taifa letu, juu ya uvumilivu, na juu ya makongamano ya vijana, maana nimehudhuria mengi. Nitasema hasa juu ya vitu viwili vidogo, kikombe na saini.

Tarehe 11 Agosti 1947, siku tatu kabla ya Pakistan kuzaliwa, Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa nchi yetu, alisimama mbele ya Baraza la Katiba pale Karachi akawaambia wajumbe kwamba wako huru kwenda kwenye mahekalu yao, wako huru kwenda misikitini au pahala pengine popote pa ibada, na kwamba dini ya mtu au tabaka lake halihusiani na shughuli za dola. Siku moja kabla, baraza hilo lilikuwa limefunguliwa chini ya mwenyekiti wa muda Jogendra Nath Mandal, Mhindu wa Bengal kutoka tabaka lililoitwa la wasioguswa. Huyo ndiye aliyekuwa waziri wetu wa kwanza wa sheria. Na siku ile ile ya hotuba ya Jinnah ndipo bendera ilipopitishwa: kijani kibichi chenye mwezi na nyota, na ukanda mweupe upande wa mlingoti kwa ajili ya watu wa dini nyingine.

Mwaka 1950 Mandal alijiuzulu, akahamia India, akaacha barua ndefu ya masikitiko. Nawaombeni mshike mambo hayo mawili pamoja, ile hotuba na ile barua. Sisi tuliofundishwa shuleni tulipewa hotuba tu, na si kila shule iliitoa hata hiyo.

Tangu mwaka 2009, tarehe 11 Agosti ni Siku ya Kitaifa ya Jamii za Wachache. Nilikuwa na miaka 18 nilipoalikwa kwenye kongamano langu la kwanza la siku hiyo, katika ukumbi wa hoteli. Mlangoni kila mmoja alibandikwa beji ya bendera kifuani. Vijana tulijaa. Mgeni rasmi alichelewa, tukaimba, tukapigwa picha. Binti mmoja wa Kihindu kutoka Tharparkar aliombwa asimame ili tumpigie makofi. Akasimama. Tukapiga makofi marefu, naye hajui mikono yake aiweke wapi. Hakuulizwa neno.

Wakati wa chai nilitoka kwa mlango wa nyuma kutafuta maji ya kutawadha. Karibu na jiko, ukutani, palikuwa na msumari, na msumarini kimetundikwa kikombe cha bati kilichobonyea ukingoni. Mzee mmoja mfagiaji, umri wa baba yangu, alikitungua, akakisuuza mwenyewe bombani, akakishika kwa mikono miwili. Mhudumu akaja na birika akammiminia kutoka juu, birika lisiguse kikombe. Mzee akanywa amesimama, akakisuuza tena, akakirudisha msumarini. Kifuani alikuwa na beji kama yangu.

Kwa asiyejua: kwetu kazi ya kufagia barabara na kuzibua mitaro imeachiwa kwa sehemu kubwa Wakristo na Wahindu wa tabaka la chini. Matangazo ya kazi ya serikali yenyewe yamewahi kuandika kwamba nafasi za ufagiaji ni za wasio Waislamu tu. Na watu wengi hawanywi chombo kimoja nao. Hakuna sheria inayosema hivyo, wala dini haisemi hivyo. Qur'ani imetuhalalishia chakula cha watu wa Kitabu. Ni mazoea, nayo yamekaa kwenye msumari.

Nilitawadha, nikarudi ukumbini, nikapiga makofi.

Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu kikombe kile kilinikumbusha saini. Miezi mitano kabla, mwezi Machi, nilikwenda kuomba pasipoti nije hapa Mombasa kwenye harusi ya binamu yangu. Nilifuatana na rafiki yangu tuliyesoma pamoja tangu darasa la 4, golikipa wetu, ambaye alikuwa akitafuta nafasi ya masomo nje. Foleni ilikuwa ndefu, joto la Karachi mnalisikia tu, karani anagonga meza kwa muhuri kutuharakisha. Fomu ile ina tamko. Anayejiandika Mwislamu anatia saini kwamba Muhammad, rehema na amani zimshukie, ni Mtume wa mwisho. Hilo naliamini usiku na mchana. Kisha tamko linaendelea: kwamba Mirza Ghulam Ahmad ni mwongo aliyejidai utume, na kwamba wafuasi wake si Waislamu. Nilitia saini bila kusoma. Mwenzangu alisimama na fomu yake mkononi, akawapisha watu 3 au 4 wampite.

Tulipotoka alininunulia maji ya miwa. Akaniuliza, "Umesoma ulipoweka saini?" Nikamwambia sijasoma. Akanieleza pale, taratibu, kana kwamba ananisomea barua iliyotoka kwa watu wengine. Halafu akasema, "Ni mimi huyo."

Tulikuwa tumecheza pamoja, tumefuturu pamoja, amelala kwetu. Hakuwahi kuniambia kwamba nyumbani kwao ni Waahmadiyya, wafuasi wa huyo Mirza Ghulam Ahmad, na simlaumu. Mwaka 1974 katiba yetu ilibadilishwa kuwatangaza kuwa si Waislamu. Mwaka 1984 ikaja amri ya Jenerali Zia, mtawala wetu wa kijeshi wakati ule, inayomfunga hadi miaka 3 Mwahmadiyya anayejiita Mwislamu, au anayeiita nyumba yake ya ibada msikiti, au anayeadhini. Abdus Salam, Mpakistani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel, ya fizikia mwaka 1979, mtu aliyeanzisha kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, ambako wanasayansi wengi wa Afrika wamesomeshwa, alikuwa wa jamii hiyo. Jiwe la kaburi lake liliandikwa kwamba ndiye Mwislamu wa kwanza kupata Nobel. Neno "Mwislamu" likafutwa. Jiwe sasa linasema ndiye mtu wa kwanza kupata Nobel, na hilo si kweli. Kufuta neno moja la mtu kumelifanya kaburi lake liseme uongo.

Hapa ukumbini wamo masheikh, nami ni mtoto wenu. Sikuja kuwafundisha fikihi. Hoja za wanazuoni nazijua, na itikadi yangu ndiyo hiyo mliyonayo. Ninachouliza ni juu ya foleni ya pasipoti. Kwa nini, ili nije kula pilau ya harusi Mombasa, lazima kwanza niandike hukumu juu ya imani ya golikipa wangu? Nani aliniuliza? Na mbona niliitoa kwa wepesi ule?

Ndugu zangu vijana, sasa niseme nanyi.

Katika kila kongamano mtasikia kwamba vijana ni taifa la kesho. Kwetu limesemwa mpaka limechakaa, na lina msingi: ripoti ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba asilimia 64 ya Wapakistani wako chini ya miaka 30, na sensa ya 2023 imetuhesabu zaidi ya watu milioni 241. Lakini ujana hauna wema ndani yake wenyewe. Tarehe 13 Aprili 2017, mjini Mardan, mwanafunzi wa uandishi wa habari aitwaye Mashal Khan alizushiwa kwamba ameitukana dini. Alipigwa, akapigwa risasi, akafa ndani ya chuo kikuu chake. Uchunguzi haukukuta ushahidi wowote wa kufuru. Alikuwa mtu anayeukosoa uongozi wa chuo waziwazi. Waliomwua wengi wao walikuwa wanafunzi. Walikuwa vijana wa umri wangu, wenye simu kama yangu, na yamkini na vyeti vya makongamano kama vyangu. Picha zao nilizitazama moja moja nikitafuta tofauti kati yetu.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: kijana wa Pakistan anajifunzia wapi kubishana na mwenziwe bila kumwua?

Zamani palikuwa na pahala. Vyuo vilikuwa na vyama vya wanafunzi vinavyochaguliwa kwa kura. Tarehe 9 Februari 1984 Zia alivipiga marufuku. Sababu iliyotolewa ni fujo, na kweli fujo zilikuwapo. Lakini kilichoondoka ni kura. Makundi ya wanafunzi ya vyama vya siasa yalibaki, na wenye bunduki wakabaki na bunduki zao. Kijana aliyekuwa akigombea, akishindwa, akimpa mkono aliyemshinda na kungoja mwaka ujao, huyo hakuwapo tena. Kizazi cha baba yangu kilikua bila hayo na chetu kikafuata. Mpaka leo mwanafunzi akiingia chuo hutakiwa atie saini hati ya kiapo kwamba hatajihusisha na siasa. Nami nilitia. Ikawa saini yangu ya pili, na hiyo niliisoma, nikatia vilevile, kwa sababu baba alikuwa ameshauza pikipiki kunilipia ada.

Kwa hiyo mkiona kwetu makongamano ya vijana ni mengi hivi, hotelini, na mabango, jueni yanajaza shimo. Kijana anapewa fulana, anapewa cheti, anapewa mgeni rasmi. Kura hapewi. Sisemi msiyafanye. Mimi mwenyewe nimepata huko marafiki ambao singewapata kwingine: Mhazara wa Quetta, Msikh wa Nankana, msichana wa Swat aliyeniambia jinsi shule yao ilivyofungwa. Nasema tu kwamba siku moja ya makofi haiwezi kufanya kazi ya miaka 40 ya kupiga kura.

Tarehe 29 Novemba 2019 wanafunzi waliandamana katika miji mingi kwa pamoja, kudai vyama vyao virudi. Nilikuwamo Karachi. Lahore aliandamana baba yake Mashal, Iqbal Khan, mzee mwenye msiba wake. Baada ya maandamano, jina lake liliingizwa katika kesi ya uchochezi pamoja na waandaaji. Mzee ambaye mwanawe aliuawa chuoni kwa uvumi, anadai wanafunzi wapewe pahala pa kusema, anaitwa mchochezi. Jimbo letu la Sindh lilipitisha sheria ya kurudisha vyama mwaka 2022. Sheria ipo, uchaguzi bado unangojwa, na ninawaombea dua walio nyuma yangu.

Kiurdu kina maneno mawili ambayo hapa nyote mtayatafsiri kwa neno uvumilivu. Moja ni *bardasht*. Hilo ni kubeba, kama unavyobeba maumivu ya jino: unakaza, unangoja yapite. Jingine ni *rawadari*. Asili yake ni Kiajemi, ni kuona jambo ni halali kwa mwenzako, kumwachia nafasi yake. Tangu utoto wangu hotuba za serikali zimetuhimiza tuwe na bardasht. Simtakii mtu yeyote hiyo. Yule mzee wa kikombe alikuwa akivumiliwa kwa maana hiyo hasa: yupo, anamiminiwa chai, hakuna aliyemfukuza. Kiswahili kina neno ambalo nililisikia kwa bibi na sijalipata katika lugha zangu nyingine zote, kuchukuliana. Wewe unanichukua, mimi nakuchukua, na mzigo uko kwetu sote. Bibi alilitumia kwa wake wenza, kwa majirani wa ukuta mmoja, na kwa babu.

Nimeliona neno hilo kwa macho yangu kwetu, msidhani nchi yangu ni msiba mtupu. Septemba 2013 kanisa la All Saints la Peshawar lililipuliwa watu wakitoka ibadani Jumapili. Wiki chache baadaye, Lahore na miji mingine, Waislamu walishikana mikono wakafanya mnyororo nje ya makanisa wakati wenzao wanasali ndani. Nilikuwa shule bado, nikawaona kwenye televisheni. Hawakuwa na jukwaa wala mgeni rasmi. Februari 2017, kaburi la walii Lal Shahbaz Qalandar kule Sehwan lilishambuliwa, watu zaidi ya 80 wakafa, damu imetapakaa uani. Kesho yake watu walirudi wakacheza dhamaal, ngoma ya pale, kama ilivyo kila siku, Waislamu na Wahindu. Agosti mwaka huo huo alifariki Ruth Pfau, mtawa daktari wa Kijerumani aliyefika Karachi mwaka 1960 akakaa na wagonjwa wa ukoma maisha yake yote. Alizikwa kwa heshima za kitaifa, jeneza lake limefunikwa bendera ile ile, kijani na ukanda mweupe.

Nanyi hapa mna yenu. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho katika nchi waliyozaliwa. Nilipohadithiwa hayo dukani nilinyamaza, kwa kuwa nilijua ladha ya fomu isiyo na nafasi ya mtu.

Mtaniuliza nilifanya nini baada ya usiku ule. Jambo dogo. Mwaka 2018 sisi wachache Lyari tulianza kikao cha jioni pembeni ya uwanja wa mpira, Ijumaa baada ya mazoezi. Mtu anasema neno analoamini, mwingine anampinga, saa moja tu. Sharti lilikuwa moja: chai inanywewa vikombe vilivyo kwenye sinia, havina mwenyewe, na aliyeosha Ijumaa hii haoshi ijayo. Tuliwaalika vijana wa mtaa wa wafagiaji. Siku ya kwanza wawili wetu waliliona sinia, wakaaga kwamba wana haraka. Mmoja wao alirudi baada ya wiki tatu. Hakusema kitu. Alichukua kikombe kilichokuwa karibu naye, akanywa, na zamu yake ilipofika akaosha. Yule mwingine hakurudi, na tukikutana njiani hunisalimia kwa heshima sana.

Yule mfagiaji wa hoteli sikumwona tena. Nilikwenda kumtafuta, nikaambiwa kazi ile hutolewa kwa mkandarasi na watu hubadilishwa. Sikuwahi kumwuliza jina.

Pasipoti yangu inakwisha muda wake mwezi Machi mwakani. Itanibidi nipande treni hadi Nairobi, kwenye ubalozi wetu, nijaze upya. Rafiki yangu yuko ng'ambo siku hizi. Ile siku ya foleni hatimaye alijaza fomu yake, akajiandika kama sheria inavyomtaka ajiandike, na pasipoti yake inasema hivyo. Tunaandikiana mara kwa mara, habari za mpira zaidi. Wiki iliyopita nilimwuliza nifanyeje. Nilitamani aniambie usitie, au aniambie tia tu, mimi nimeshazoea. Akanijibu kwa maneno machache: "Safari hii soma kwanza."

Nimeisoma. Nakala yake ninayo hapa mfukoni, mwenye kutaka aje nimtafsirie. Miezi minne imebaki, na bado sijajua mkono wangu utafanya nini nikifika pale mezani.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.